Ufunguo Uliolika

Nawasalimu kutoka hapa Bute, nyinyi mlio nasi kila Jumapili, na nyinyi mliohamishwa kikazi mkarudi Meru, Kitui na Kisii lakini bado mnatufuata kwenye ukurasa huu. Leo sina mahubiri marefu. Nina jambo la kuungama, na lilianzia kwenye ufunguo wa gari.

Pikapu yangu mnaijua, ile Toyota Hilux ya mwaka 1994 ambayo wengi wenu mmeisukuma kwa mikono yenu. Kwa miezi kadhaa ufunguo wake ulikuwa unanisumbua. Unautia, unagoma. Unautoa, unaufuta kwenye shati, unautia tena, unazunguka. Wewe unayeendesha gari la zamani unaelewa. Nilizoea shida ile nikaiona ya kawaida. Kuna siku nilimimina mafuta ya injini kwenye tundu la ufunguo, nikasema sasa nimemaliza kazi.

Mwezi uliopita dada yetu mmoja, mwalimu, alipigiwa simu usiku kwamba mama yake amelazwa hospitalini kule kwao. Nikamwambia, "Dada, usilie, alfajiri nitakufikisha Moyale upate basi." Alfajiri tukaingia garini. Nikatia ufunguo. Ukazunguka nusu, ukakwama. Nikauzungusha kwa nguvu, nikaombea, nikakemea. Kimya. Dada alipanda lori la mbuzi lililokuwa likipita, akakaa juu pamoja na mizigo. Namshukuru Mungu alimkuta mama yake akiwa hai. Lakini mimi nilibaki pale barabarani na hasira na aibu.

Nikakumbuka kwamba aliyeniuzia gari alinipa ufunguo wa akiba. Nilikuwa na hakika niliuweka kwenye dashibodi. Nikatafuta, haupo. Na anayeingia garini mwangu ni nani? Ni kijana wetu anayepiga kinanda, ambaye huniosheshea gari kila Jumamosi bila kudai hata shilingi.

Mpendwa, sitaficha. Nilimwita mbele ya watu waliokuwa wanafagia kanisa. Nikamuuliza ufunguo uko wapi. Akasema hajui. Nikamwambia, "Ni wewe tu unayeingia humo." Sikutumia neno mwizi, lakini kila aliyekuwepo alilisikia. Aliweka ndoo chini, akaenda zake. Jumapili hiyo kinanda hakikulia. Ya pili hakikulia. Ya tatu tuliimba kwa makofi tu, na mimi nilisimama madhabahuni nikahubiri juu ya upendo.

Mama Mchungaji aliniambia mara mbili, "Baba, angalia kwenye bahasha ya karatasi za gari." Sikuangalia. Mtu aliyekwisha kuamua nani ana kosa hatafuti tena.

Sasa nikuambie habari za fundi. Kuna mzee Mwislamu anayetengeneza magari chini ya mgunga, karibu na soko. Vijana walinisaidia kulivuta gari hadi kwake. Kitu cha kwanza alichofanya, hakuugusa ufunguo. Alishika usukani, akautikisa taratibu kushoto na kulia, huku akigeuza ufunguo kwa vidole viwili tu. Ukasogea hatua ya kwanza. Akaniambia, "Pasta, magurudumu yakiwa yamekunjwa, kile chuma kinachofunga usukani hubanwa. Ukilazimisha ufunguo, unavunjikia ndani. Legeza usukani kwanza." Wewe mwenye gari, shika hilo. Funguo nyingi huvunjika kwa sababu ya haraka.

Kisha akabonyeza kipini kidogo kwa msumari, akachomoa silinda nzima ya swichi. Akanionyesha. Ndani mna vibao vidogo vya shaba vyenye springi, na kila kibao kinangoja kuinuliwa na jino lake la ufunguo. Vyote vikifika sawasawa, silinda inazunguka. Kimoja kikibaki juu au chini kidogo tu, haizunguki. Na vibao vya gari langu vilikuwa vimezama kwenye tope jeusi. Yale mafuta yangu yalikuwa yameshika vumbi la Bute, na vumbi letu mnalijua.

Akaosha kila kitu kwa petroli, akakausha juani. Halafu akachukua penseli ya mtoto wa shule, akaisugua kwenye ufunguo mpaka meno yakawa meusi. Kwa nini penseli? Ule unga wake mweusi hulainisha bila kunasa vumbi. Mafuta mazito hunasa.

Tulipojaribu tena, bado uligoma. Ndipo akauinua ufunguo juani, akaukagua, akaniuliza, "Huu ulichongwa wapi?"

"Moyale, Mzee. Miaka mitatu sasa."

"Kutoka ufunguo gani?"

"Ule niliokuwa nao kabla yake, ulikuwa umelika."

"Na ule?"

"Ulichongwa kutoka ule wa mwenye gari wa kwanza, nadhani."

Akacheka. "Basi huu ni mjukuu. Pasta, mashine ya kuchonga haijui lipi ni jino na lipi ni jeraha. Inafuata tu. Ufunguo uliolika ukizaa, huzaa uliolika. Na mtoto huongeza wa kwake."

Nilinyamaza. Nimekuwa mchungaji miaka mingi na sikuwahi kulisikia somo hilo likisemwa wazi namna ile.

Nikamuuliza tutafanyaje. Akasema ziko njia. Akaufungua mlango wa abiria, akatoa kitasa chake. Akaniambia mlango wa dereva na swichi hulika kwa sababu hutumika kila siku, lakini mlango wa abiria ni nadra kutiwa ufunguo, kwa hiyo vibao vyake bado vina kimo chao cha mwanzo. Fundi mzuri anaweza kuvisoma akachonga ufunguo upya. Na kwenye kitasa kile, baada ya kukifuta, tukaona namba imegongwa. Namba hiyo ni kumbukumbu ya kiwanda. Mwenye mashine inayofaa huchonga kwa namba, si kwa kufuatisha ufunguo mbovu, na ufunguo hutoka kama ulivyokuwa siku gari lilipotengenezwa. Gari langu halina chipu kwenye ufunguo. Magari mapya mengi yana chipu, na hayo hata ukichonga chuma vizuri hayawaki mpaka kompyuta ya gari iutambulishwe ufunguo mpya.

Tukampigia fundi wa funguo kule Nairobi, Barabara ya Kirinyaga. Akasema nimtumie namba, lakini kwanza nimwonyeshe kitambulisho na logbuku, maana hachongi ufunguo wa gari asilojua mwenyewe ni nani. Nikamheshimu kwa hilo. Nawe usisambaze picha ya ufunguo wako wala namba yake ovyo.

Nikarudi nyumbani kutafuta logbuku. Nikavuta sanduku chini ya kitanda, nikafungua ile bahasha. Ufunguo wa akiba ukaniangukia mapajani. Wenyewe. Wa kiwandani, meno makali, na kibati chake chenye namba ile ile. Niliuweka humo kwa mkono wangu siku niliponunua gari.

Nilikaa sakafuni muda mrefu. Mama Mchungaji alipita mlangoni, akaona, hakusema neno.

Nilipoupeleka kwa Mzee, akautia, ukazunguka bila kelele, gari likawaka. Nikaanza kumshukuru Mungu kwa sauti. Mzee alikuwa amesikia habari za kijana, maana Bute ni ndogo. Akaniambia, "Ufunguo umeupata. Na yule mtoto, umeshamtafuta?"

Watu wa Mungu, siku hiyo nilihubiriwa chini ya mgunga.

Soma 1 Samweli 1, kuanzia mstari wa 12. Kuhani Eli alimwona Hana akisogeza midomo bila sauti, akaamua kwamba amelewa. Mtumishi wa Mungu, hekaluni, alimhukumu mwombaji. Tunapenda kuhubiri juu ya machozi ya Hana, lakini mara ngapi tunahubiri juu ya kosa la Eli? Hata hivyo Eli aliposikia ukweli hakutetea cheo chake. Aligeuka pale pale akambariki. Kisha soma Mathayo 5:23 na 24. Bwana anasema kama ndugu yako ana neno juu yako, sadaka ingoje. Mimi nilikuwa nimetoa sadaka Jumapili tatu.

Nilitembea kwa miguu hadi kambi ya polisi anakokaa baba yake. Nikamkuta kijana, nikamwambia mbele ya wazazi wake, "Nilikuhukumu bure. Ufunguo niliuficha mimi nikasahau. Nisamehe." Akasema, "Sawa, Pasta," akatazama chini. Na kwa kuwa nilimwaibisha mbele za watu, Jumapili iliyofuata nilirudia maneno hayo mbele za watu. Leo nayaandika hapa, kwa ruhusa yake na ya wazazi wake.

Mpendwa, chukua mambo matatu.

Kwanza, usichonge kutoka kwa uliolika. Usiige hasira ya mchungaji wako ukadhani ni upako. Hata mimi niliyemfokea kijana yule, nilijifunza kufoka kwa mtumishi aliyenilea, naye sijui alijifunza kwa nani. Nilikuwa mjukuu. Chukua mazuri ya waliokutangulia, lakini meno yako yapimwe kwa Neno na kwa Kristo mwenyewe. Ufunuo 3:7 inatuambia ufunguo wa Daudi uko mkononi mwa nani.

Pili, punguza uzito. Mzee alipima mkononi kishada changu: funguo za kanisa, za nyumba, za stoo, kufuli mbili, na kifungulio cha chupa. Akasema vyote hivyo huning'inia kwenye swichi na kuichakaza. Si jambo dogo. Mwaka 2014 kampuni ya General Motors ya Marekani iliyaita magari milioni 2.6 yarekebishwe, kwa sababu swichi yake ilikuwa dhaifu, na uzito wa kishada au mtikisiko uliweza kuirudisha nyuma gari likiwa mwendoni. Injini ilizimika na mifuko ya hewa ya kumkinga dereva haikufunguka. Mfuko wa fidia ulitambua vifo 124. Wenye magari waliambiwa watumie ufunguo peke yake, bila kishada. Waebrania 12:1 inatuambia tuweke kando kila mzigo mzito. Nilikuwa nimebeba kazi zote za kanisa peke yangu, na uchovu ule ndio uliomwangukia mtoto wa watu.

Tatu, usilazimishe. Jumapili iliyopita kijana alikuja. Alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Kinanda bado kimefunikwa kitambaa. Kuna mzee wa kanisa aliniambia nimwite mbele apige. Nilikataa. Nimeomba msamaha, lakini moyo wake si wangu kuuzungusha. Nitalegeza usukani, nitangoja.

Je, na wewe kuna mtu uliyemshuku, na bahasha hujaifungua? Ifungue leo. Ukikuta ulikosea, usimtumie ujumbe wa simu. Nenda kwa miguu.

Tuombe. Baba, tusamehe tulipowahukumu watoto wako kwa haraka. Waponye walioondoka kanisani kwa sababu ya maneno yetu. Mbariki Mzee yule na nyumba yake. Turudishe kwenye umbo ulilotuumbia. Katika jina la Yesu.

Andika Amina, kisha zima simu uende ukapatane na ndugu yako. Mbarikiwe.

Mchungaji wenu, Bute.