Staa Katuma Picha ya Bibi Yake, Nikaanza Kuisaka Kanga

Wadau, jina la staa silitaji, msinibane. Jueni tu kwamba ni wa Bongo Fleva, kwao huku kusini, na alinitumia picha WhatsApp pamoja na hela ya kuanzia. Picha ya studio, nyeusi na nyeupe. Bibi yake, mtu wa Mikindani, kajifunga kanga kifuani na ya pili kajitanda. "Dada fundi, nataka ileile kwa ajili ya video. Ileile kabisa."

Bibi angekuwa kavaa kisutu ningelala usingizi. Kisutu, ile nyekundu, nyeusi na nyeupe, bado inachapwa mpaka leo. Hii ilikuwa nyingine. Rangi haionekani na jina lote limejificha, imebaki herufi moja na nusu. Na kanga ni pindo, mji na jina. Ukitoa jina umebaki na shuka la maua.

Soko Kuu la Mtwara nililimaliza, hakuna. Kuna mama anavuka Ruvuma pale Kilambo kuleta kapulana za Msumbiji, akanifungulia mzigo mzima. Aisee ni nzuri, mbili nilijinunulia, ila kapulana haziandikwi maneno. Kijana anayechapa jezi yeye akaniambia, "Sista, maneno we weka yoyote." Kwanza, mashine yake inashika kwenye poliesta tu, pamba haiiwezi, na poliesta kwenye taa za kamera inang'aa kama pazia la gesti. Pili, maneno yoyote vipi? Kanga ni mdomo wa mwanamke. Watu wamegombana miaka kwa sababu ya kanga iliyoanikwa kwenye kamba. Nimvishe bibi wa watu maneno ambayo hakuyasema?

Nikaenda Mikindani kwa bi mkubwa mmoja anayetunza kanga zake kwenye sanduku. Nikampa shikamoo, nikamwonyesha simu. Akaangalia pindo, akacheka mpaka akajifuta macho. "Mwanangu, hii naijua. Nyekundu na nyeusi, chini nyeupe." Na jina akalisema lote, bila kusita.

Hilo jina silirudii hapa. Lilikuwa dongo la mke mwenza, zito, na wajukuu wa huyo mke mwenza bado wanaishi nyumba ya tatu kutoka kwa mama yake staa.

Nikampigia staa. Yeye akafurahi kupita kiasi, "Weka, dada, weka! Itatrendi!" Mama yake akanipigia usiku uleule, kwa upole, akisema nikiweka yale maneno yeye hatakwenda tena kisimani kwa amani. Hela ya kuanzia nilikuwa nimeshanunulia kitambaa cha pamba. Kiwanda hakikuchapii doti moja, kwa hiyo kuna fundi Dar anayechapa kwa mkono, kila rangi na fremu yake, alikuwa anasubiri mchoro. Kuchapa bila jina nilikataa. Sio kanga hiyo.

Nikairudia picha, nikaivuta mpaka ikawa vumbi. Ndipo nikaona kwa nini jina halisomeki. Sio kwamba mikunjo imeangukia vibaya. Bibi mwenyewe kakunja upande wa jina kwa ndani, kanga zote mbili, nadhifu, kabla ya kusimama mbele ya kamera. Dongo lilikuwa la uani. Studio alikwenda na heshima zake.

Nikampigia mama mtu, nikamweleza. Akanyamaza, kisha akasema, "Ndivyo alivyokuwa."

Kwa hiyo kanga imechapwa kamili, jina lipo herufi zote. Nimeifua mara mbili wanga utoke, ilale mwilini kama ya kwenye picha. Staa kafungwa kama bibi alivyojifunga, jina ndani. Alinuna kidogo, akalipa iliyobaki. Video ikitoka msihangaike kusimamisha na kuvuta picha, hamtasoma kitu.