Staji yangu ya Nyamityobora



Nilipokuwaga sekondari kule Rutshuru, ukisema "staji" sisi tulisikia Ufaransa. Mkubwa mmoja wa mtaa wetu alikwenda Lyon likizo kubwa, miezi miwili, akarudi na koti na picha nyingi. Tangu hapo tukasoma Kifaransa kwa nguvu zote. Mimi diploma ya Leta niliipata, lakini 2022 vita ya M23 ikatutoa, tukavuka Bunagana. Staji niliifanya mwezi wa nane 2023, shule zilipofunga muhula wa pili, na haikuwa Lyon. Ilikuwa Nyamityobora, mtaa wa Mbarara. Kutoka Base Camp unapanda taksi asubuhi, mchana umefika. Na bado nilijiona niko ugenini kabisa.

Kazi ilikuwa kwenye duka la fotokopi na kupiga chapa. Mshahara hakuna, ila chakula cha mchana na kujifunza kompyuta. (Vijana wananiuliza kama inaruhusiwa. Ndiyo, sheria ya wakimbizi ya Uganda ya 2006 inaturuhusu kufanya kazi na kutembea. Beba kitambulisho chako tu.) Shida yangu haikuwa karatasi, ilikuwa mdomo.

Siku ya kwanza mteja mmoja, mama, akanisalimia, "Agandi?" Nikanyamaza. Akajaribu Kiingereza cha haraka haraka. Nikacheka kile kicheko cha mtu asiyesikia kitu. Akamgeukia mwenye duka, wakasema maneno yao, wakacheka. Wiki nzima nilipewa ufagio. Mimi, mwalimu wa hesabu! Aliyenihurumia ni mtoto wa mwenye duka, wa P.5. Kila jioni alinifundisha, "Sema nimarungi. Sema webare." Nikikosea anacheka, halafu anarudia.

Wiki ya pili akaingia Mrundi na karatasi za shule za Kifaransa, anataka zipigwe chapa upya. Nikazisoma zote kwa sauti, nikazipiga bila kosa. Mwenye duka akaniangalia sana. "Kumbe unajua kusoma!"

Neno hilo lilinikaa rohoni, lakini si kwa hasira. Nilimkumbuka mwanafunzi wangu mmoja wa kutoka Masisi, miaka 12. Kule alikuwa wa tano, hapa kwa sababu ya Kiingereza wakamweka P.2, magoti hayaingii chini ya dawati. Haongei kamwe. Kwenye ripoti yake ya muhula wa pili niliandika kwa mkono wangu: kichwa kizito, hashiriki.

Niliporudi nilikwenda kwao, Juru, na daftari. Nikamwandikia hesabu za sehemu, nikamuuliza kwa Kiswahili na Kifaransa. Akazimaliza zote kabla mama yake hajaleta chai.

Mama akasema, "Mwalimu, na ile ripoti je?" Nikaomba anirudishie niandike nyingine. Akaniambia baba ameshaisoma. Alisema kama kichwa ni kizito basi mikono ifanye kazi, akampeleka kulima kwa watu.

Ripoti mpya niliandika, nikampelekea baba mwenyewe. Muhula wa tatu mtoto alikuja Jumatatu na Jumanne. Siku nyingine alikuwa shambani, na mimi Jumapili nilikuwa napita kwa baba yake.