Tembo wa Laiki na Tembo wa Shambani

Mjini tembo ni picha ya kwenye skrini ya simu. Vijiji vya pembeni mwa Hifadhi ya Serengeti, tembo ni jirani asiyepiga hodi. Anaingia shambani usiku na ukoo mzima, asubuhi unabaki kuhesabu mabua.

Sasa kuna dada mmoja, mzaliwa wa Serengeti, mishe zake ziko Dar. Juzi kati kaposti tembo, kapsheni "Nyumbani kwetu", laiki zikanyesha kama mvua. Mdogo wake wa kiume aliyebaki kijijini akaandika neno moja tu: "Mahindi." Dada akalifuta. Jamaa akapiga simu.

Hakuwa na utani. Heka mbili za baba yao zimeliwa wiki hiyohiyo, na kwenye kikao cha kijiji yeye yuko upande wa wanaotaka eneo la pamoja limegwe, watu wapate pa kulima na kuchungia.

Eneo lenyewe ni Ikona, kilomita za mraba kama 242. Vijiji vitano vilichangia ardhi, Robanda na Makundusi vikiwemo, ikawa Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori. Inapakana na hifadhi ya taifa na mapori ya akiba ya Grumeti na Ikorongo, nyumbu wanapita humo kila mwaka. Hela za watalii vijiji vinagawana. Na mwaka 2019 faru weusi 9 waliletwa Grumeti kutoka Afrika Kusini. Faru mweusi yuko hatarini kabisa kutoweka. Pori likimegwa kipande kipande, aende wapi?

Dada kayamwaga yote hayo, na yuko sawa. Jamaa kasikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Dada, faru baba atamla?"

Hapo pagumu. Tembo akila shamba lako, serikali haiiti fidia, inaita kifuta jasho. Akimuua mtu, ni kifuta machozi. Aliyetunga majina hayo hakutaka mtu atarajie makubwa.

Cha ajabu, mwenye heka zake, yaani mzee mwenyewe, hataki Ikona iguswe. Anasema ukilima kule tembo hahami, unakuwa umemsogezea sahani tu. Anamtaja dada yake wa Tarime, upande wa mto Mara: wao wamelima mpaka ukingoni mwa hifadhi, ng'ombe akikosea hatua tatu kashakamatwa.

Dada katuma hela ya tochi kubwa na pilipili kavu. Pilipili inachanganywa na kinyesi cha tembo, ukiichoma moshi wake tembo hautaki kabisa. Jamaa kashukuru, "nimepokea dada," ila msimamo wake kikaoni palepale. Mavuno bado wiki tatu. Kila usiku yuko juu ya dungu na tochi yake mpya, na mzee naye anapanda kumpokea saa nane, hawaongei habari za kikao.