Matandiko ya simbilisi: usitandike asichoweza kula



Wiki iliyopita mama mmoja mfanyabiashara alinipigia simu. Watoto wake wanafuga simbilisi wanne, jike mmoja ana mimba. Jirani yake fundi seremala humpa maranda bure, akataka kujua kama yanafaa kutandika bandani. Nikamuuliza, fundi anaranda mbao gani? Zikawa ni za kenchi, zile zilizotiwa dawa ya mchwa mpaka zina ukijani. Nikamwambia ayatoe siku hiyohiyo.

Simbilisi halalii matandiko tu, anayatafuna pia. Watoto wake huzaliwa na manyoya, macho wazi, na ndani ya siku moja mbili wanaokoteza chochote kilicho chini. Kwa hiyo mimi huchagua matandiko kama ninavyochagua malisho. Maranda ya mbao isiyo na dawa, makavu, yasiyonukia kwa ukali, yanaweza kutumika ukiyachekecha vumbi litoke. Ya paina mbichi yaacheni. Vumbi la msumeno nalo hapana. Mnyama huyu huugua mapafu kirahisi.

Nyasi kavu ndizo bora. Sisi wa Kishapu tuna ngitili, utaratibu wa wazee wetu uliopewa nguvu mpya na mradi wa HASHI ulioanza 1986. Omba ruhusa kwa mwenye ngitili, kata mvua zinapoisha, nyasi zikiwa bado na ukijani na hazijatoa zile mbegu zenye ncha zinazochoma macho. Anika siku mbili tatu ukigeuza, kisha weka juu ya kichanja. Ukisubiri mpaka mwezi wa tisa utagombania nyasi na wenye ng'ombe, na Usukumani hakuna anayemshinda mwenye ng'ombe. (Ninyi wa sokoni, mzigo wa nyasi safi uliotunzwa hadi kiangazi haukosi mnunuzi.) Zikiota ukungu, usizitumie hata kama ulizinunua.

Ili nyasi zidumu, tanguliza chini pumba ngumu za mpunga kutoka mashineni, unene wa vidole viwili, ukishazipepeta. Juu yake jaza nyasi unene wa kiganja, pumba zisionekane, maana zina ncha na zinakwaruza macho. Pumba hazinyonyi sana, ila mkojo unashuka chini na nyayo zinabaki kavu. Nyayo za simbilisi hazina manyoya. Zikikaa kwenye unyevu zinatoka vidonda, na kidonda cha unyayo kupona ni kazi. Kila asubuhi toa kona iliyolowa, kila wiki badilisha yote. Inamisha pua mpaka usawa wa mnyama: harufu ya mkojo ikikuwasha, umechelewa kusafisha.

Najua pamba ndiyo imejaa kwetu, lakini msiitandike. Nyuzi zake zikimezwa huziba utumbo, na hujifunga miguuni mwa vichanga. Mabaki ya shambani nayo yamepuliziwa dawa. Maganda ya karanga yenye ukungu yanaweza kuwa na sumukuvu. Na viroba vilivyobeba kemikali za kuchenjulia dhahabu visiingie bandani kabisa, hata vikioshwa mara ngapi.

Matandiko machafu yarundike karibu na bustani ya mchicha, yamwagie maji kidogo, geuza kila baada ya wiki mbili. Yakishakuwa meusi na kupoteza harufu, changanya na udongo kabla ya kupanda.