Bunduki ya Baba Mkwe

Tangu nilipouza gari la marehemu baba mkwe kwa bei nzuri, wakwe zangu hapa Pennsylvania wamenifanya dalali wa ukoo. Basi mama mkwe alipoamua kuachana na bunduki ya mumewe, akanipigia mimi. Nilimkuta ameilaza juu ya taulo kwenye meza ya jikoni, kando ya sahani ya biskuti. Mimi mtoto wa Songea, niliyekua nikijua kwamba bunduki ni ya polisi na majambazi, nikanywa chai mbele ya mtutu.

Ni Lee-Enfield namba 4, ya risasi za .303. Bunduki ya Kiingereza, lakini ubavuni imechongwa U.S. PROPERTY, yaani mali ya Marekani. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili kiwanda cha Savage kule Chicopee Falls, Massachusetts, kilitengeneza zaidi ya milioni moja za aina hii kwa ajili ya Uingereza na wenzake. Baada ya vita, nyingi ziliuzwa bei ya mitumba. Baba mkwe aliagiza yake kwa posta akiwa kijana, kabla sheria ya 1968 haijakomesha mtindo huo. Alitaka ya kuwindia kulungu, si ya kupambia ukuta. Akachukua msumeno, akaikata mbao ya mbele, akaipiga msasa, akaipaka vanishi. Kwenye kitako alichora mstari mmoja kwa kisu kwa kila kulungu aliyempata. Mke wangu aliihesabu kwa kidole: 27.

Mama mkwe alitaka dola 1,500. Aliona tangazo mtandaoni la bunduki kama hiyo. Nilimwambia, Mama, hiyo ni bei ya kuomba. Hata Kariakoo muuza viatu huomba. Tukafungua minada iliyokwisha, tukatazama watu walilipa nini hasa. Zile zenye mbao zake za jeshini zilikuwa na bei ya maana. Zilizokatwa kama yetu zilikuwa chini sana.

Mzee mmoja mkusanyaji alikuja kuiona. Alilinganisha namba ya bolti na namba ya mwili wa bunduki, zikalingana. Akamulika ndani ya mtutu kutafuta kutu, akaupima: kama sentimeta 64, urefu wake wa kiwandani, haukukatwa. Hapo uso ukamkunjuka. Kisha akapitisha kidole pale mbao ilipoishia, akaiangalia ile mistari 27, akashusha pumzi. Akauliza: kuna karatasi yoyote? Risiti ya posta, picha, barua? Hakuna, tulizitupa tulipokuwa tunasafisha stoo. Akatoa dola 225. Mama mkwe aliondoka mezani.

Sikumlaumu mzee. Hakununua Novemba za baba mkwe za kuwinda, alinunua chuma na mbao, na mbao imekatwa. Ila kilichoniuma ni hiki: kila alichokifanya marehemu kwa mkono wake, kile kilichoifanya iwe yake, ndicho kilichoishusha bei. Angeifungia kabatini miaka yote bila kuigusa, ingekuwa na thamani, na sisi tusingekuwa na lolote la kuikumbukia.

Babu yangu mzaa mama naye alibeba .303, akiwa keya, yaani askari Mwafrika wa jeshi la Mwingereza, huko Burma mwaka 1944. Hakuja nayo nyumbani. Askari wetu walizirudisha jeshini. Alikuja na koti zito na nishani, ile nyota ya Burma. Na hata leo nyumbani bunduki ya marehemu haigawanywi kama ng'ombe: kibali ni cha mtu, si cha familia. Warithi huipeleka polisi, na anayeitaka aombe kibali chake. Kwa hiyo swali kama la mama mkwe, la bei ya bunduki, halifiki kwenye vikao vyetu. Siku ya kugawa vitu vya babu, wazee walikaa mkekani, koti akapewa mjomba aliyemuuguza, nishani akapewa mjomba mdogo. Hakuna aliyetaja shilingi.

Zamani nilikuwa nawasimulia Wamarekani kisa hiki kwa majivuno. Siku hizi nakisimulia hadi mwisho wake. Kijana wa mjomba mdogo aliikuta ile nyota kwenye kopo, hakujua ni nini, akampa mnunuzi wa vyuma chakavu pamoja na bomba bovu na sufuria iliyotoboka. Ilipimwa kwa uzito wa shaba. Kukaa kimya juu ya thamani tulikuita heshima, kumbe kwa mtoto yule kulikuwa ni kutoambiwa tu.

Bunduki ya baba mkwe tuliiuza kwa jirani anayewinda katika msitu uleule aliowinda yeye. Kwake mbao fupi ni wepesi, si kasoro, na mistari 27 ni ushahidi kwamba inalenga. Alitoa dola 310. Kwa bunduki ndefu sheria ya jimbo ilituruhusu tupeane mkono tu, lakini tulikwenda kwa mwenye duka la silaha ili mnunuzi akaguliwe rasmi, na hilo nakushauri nawe ulifanye. Mkanda wa ngozi wa kuibebea mama mkwe amebaki nao.

Wewe ambaye babu yako alikuwa keya: kama kuna nishani ndani ya kopo huko nyumbani, piga simu leo. Waambie waandike jina lake, kikosi chake na alikopigana, waifunge karatasi hiyo pamoja nayo.