Dhifa kwa Mtunzi wa Vina

Mhakiki hueleza kitabu kilivyo. Mtunzi mwenzake hueleza pia kitabu hicho kilivyomfanya. Maelezo haya ni ya namna hiyo ya pili. Nilijifunza utunzi kwa Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri (1954) ya Amri Abedi, na hadi leo natunga tarbia za mizani 16 kwa kila mshororo. Hivyo Dhifa (2008), diwani ya tatu ya Euphrase Kezilahabi, ilinifikia hapa Ruaha, wilayani Kilosa, kama mgeni kutoka nyumba nyingine.

Lililonigusa kwanza halikuwa umbo huria la mashairi, kwani hoja hiyo imebishaniwa tangu Kichomi (1974). Ilikuwa miaka. Kutoka Kichomi hadi Karibu Ndani (1988) ni miaka 14; kutoka hapo hadi Dhifa, 20. Katikati alitoa Nagona (1990) na Mzingile (1991), huku ushairi akiuacha uive. Majina ya diwani hizo yenyewe yanasimulia safari: kwanza maumivu ya ubavuni, kisha mlango unafunguliwa, mwisho chakula kinaandaliwa. Mimi, ambaye beti hunijia kila juma kwa kuwa kina kimoja huita kingine, niliuonea wivu uwezo wake wa kunyamaza.

Je, niviache vina? Kwa jirani zetu wa Kidatu, Mto Ruaha Mkuu umezuiwa kwa ukuta, na maji yaliyozuiwa huendesha mitambo ya umeme yenye uwezo wa megawati 204. Ukuta, basi, si adui wa mto. Lakini tangu miaka ya 1990 mto huohuo umekuwa ukikauka nyakati za kiangazi huko juu, katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na ukuta hauzai maji. Ndivyo ilivyo mizani: huliongezea wazo nguvu, mradi wazo liwepo.

Kwa hiyo Kezilahabi, aliyefariki mwaka 2020, hakunihamisha, ameniachia deni. Kila ubeti ninaoutunga sasa huuvua vina, nikausoma kama nathari. Ukibaki na neno la kusema, huurudishia vina vyake. Beti nyingi hazivuki mtihani huo. Mwaka huu zimevuka nne.