Yupo, Yuko au Yumo?

Kutoka mjini Same tulipanda hadi Mbaga, milima ya Upare, kuwatembelea wajawazito. Katika nyumba moja tulimwulizia mama kijana aliyekaribia kujifungua. Mama mkwe wake akajibu, "Yumo."

Hakusema "yupo", yaani mahali panapojulikana, wala "yuko", yaani huko, pasipo kuonyesha hasa wapi. "Yumo" ni ndani. Tuliingia, tukamkuta kitandani, uchungu umeshaanza. Tukateremka naye hospitalini. Tunamshukuru Mungu, alijifungua salama.

Neno "ndani" lenyewe limetokana na mzizi wa kale wa Kibantu wenye maana ya tumbo. Basi tumwuliziapo jirani, tusikilize jibu vema. Silabi moja yaweza kutuonyesha alipo mwenye kuhitaji msaada.